Mtoto ana nundu ya mfupa juu ya goti, wamesema sio kansa, je MRI ni lazima?

Mama Kulwa, Igoma

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo yenu hasa wenye uelewa wa mifupa na hizi picha za hospitali maana leo siku ya tano silali vizuri.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka 12. Wiki mbili zilizopita Kulwa katoka mpirani kachubuka goti, nikawa namwosha kidonda kwa maji ya chumvi, mkono ukapita juu kidogo ya goti la kushoto upande wa ndani nikahisi kitu kigumu. Sio jipu, sio tezi, kigumu kama mfupa wenyewe. Nikamwita Doto nikamshika palepale hana. Nikarudi kwa Kulwa nikabonyeza, haisogei, ngozi ya juu inateleza tu, yeye hata hashtuki. Kumuuliza ananiambia mama hiyo ipo tangu niko la nne, inauma nikigongwa tu. Yaani mtoto nalala nae nyumba moja nundu ina miaka miwili mimi sijui.

Tumeenda hospitali kapigwa eksirei, moja amenyoosha mguu na nyingine amelala ubavu. Daktari akasema mama huu ni uvimbe wa mfupa. Hapo kwenye uvimbe masikio yangu yakaziba, alivyoendelea kuongea nilikuwa naona mdomo tu. Kwenye ripoti wameandika ostiokondroma, akasema sio kansa turudi baada ya miezi 6. Shemeji yangu hakuridhika tukaenda kwingine, huko wakasema afanye kipimo kingine cha picha kinaitwa MRI haraka, na hela waliyotaja ni mtaji wangu wote wa dagaa, bima sina. Alafu bibi yao Magu kila siku anapiga simu nimlete mtoto kuna mama anachua mifupa inarudi.

Sasa ninachouliza, hiyo eksirei peke yake inatosha kujua kama ni kansa au sio kansa? Na MRI inaona nini ambacho eksirei haioni? Na kingine kinachonichanganya, nikishika kwa mkono nundu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha, je hawakukosea kupiga? Na mpira aache au aendelee maana huyu mtoto bila mpira hali chakula. Samahani kwa maelezo marefu.

Mpiga Picha wa Ziwa

Pole sana Mama Kulwa, na wala usijilaumu, hizi nundu wengi tunazikuta kwa bahati mtoto kaletwa kwa jambo lingine kabisa. Mimi kazi yangu ndo hiyo, napiga picha za mionzi huku kanda ya ziwa mwaka wa 11 sasa. Sio daktari wa mifupa kwaiyo nitakuelezea upande wa picha, maamuzi ya matibabu mwachie daktari wako.

Kwanza ostiokondroma ndo uvimbe wa mfupa usio kansa unaoonekana kuliko wote. Unaota karibu na miisho ya mifupa mirefu pale mfupa unapokulia, na goti ndo mahali pake hasa, juu kwenye paja au chini kwenye muundi. Ukiangalia eksirei unaona mfupa una ganda jeupe nje na ndani uboho unaonekana kijivujivu. Sasa kwenye ostiokondroma lile ganda la paja linapanda moja kwa moja linakuwa ganda la nundu bila kukatika, na uboho wa ndani umeungana na uboho wa nundu. Ni kama pembe ilivyoota kwenye fuvu la ng'ombe, sio kama kupe aliyeng'ang'ania juu ya ngozi. Na mara nyingi inaelekeza ncha yake mbali na kiungo, yaani hiyo ya juu ya goti inaangalia kwenye nyonga. Mtu aliyezoea akiona hivyo vitu anaandika ripoti bila kusita, haihitaji kuchukua kinyama wala nini. Kwaiyo jibu la swali lako la kwanza, ndiyo, kwa mtoto ambae hana maumivu na picha iko wazi, eksirei inatosha kabisa kusema ni kitu gani.

Ile kumpiga kwa mbele na kwa ubavu ilikuwa lazima. Nundu ikitokea inakuangalia usoni, kwa picha moja tu inaweza kuonekana kama duara jeupe ndani ya mfupa ukadhani ni kitu kingine. Ukiona sehemu wamepiga upande mmoja wakakupa majibu, omba wa pili.

Sasa hilo la mkononi kubwa kwenye picha ndogo, umeona vizuri sana na hawakukosea. Juu ya nundu kuna kofia ya gegedu, kama ile nyeupe laini ya kwenye kiungo cha kuku. Gegedu eksirei haiioni, mionzi inapita. Wewe mkono wako unashika mfupa pamoja na kofia yake, picha inakuonyesha mfupa tu. Na hiyo kofia ndo inayokua, mtoto akikua nundu inakua nae, mifupa ikishafunga kwenye miaka 16 mpaka 18 hivi kwa mvulana inasimama. Ndo maana MRI inakuja, MRI inaiona kofia, inapima unene wake, inaona na misuli na neva na mishipa ya damu iliyo jirani. Kwa mtu mzima kofia ikizidi sentimita 2 hapo daktari anaanza kuwa na wasiwasi wa kugeuka kansa. Kwa mtoto kofia nene ni kawaida maana bado anakua, kwaiyo ukimpima Kulwa leo unaweza kupata namba ya kukutisha bure.

Kwahiyo MRI sio dhambi, ila mtu akikwambia haraka muulize haraka ya nini, anatafuta nini. Kama ana jibu, mfano anahisi inabana neva au mshipa, sawa fanya. Kama jibu ni ili tujue tu, mimi ningekuwa wewe mtaji wa dagaa ningeuacha ufanye kazi.

Mpira muulize daktari, wengi wanaruhusu. Ila kuna nundu zenye shingo nyembamba kama uyoga, hizo zikipigwa teke zinaweza kuvunjika shingoni, mtoto anapata maumivu makali ghafla palepale. Ya Kulwa ina shingo au imekaa kwa upana? Kwenye ripoti itakuwepo.

Mzee wa Buzuruga

Mnamdanganya huyu mama. Uvimbe ni uvimbe, kitu kikiota mwilini unakitoa mapema kabla hakijageuka. Mimi kaka yangu alisubirishwa hivohivo na mguu wakakata. Toa mapema mama, usisubiri miezi 6.

Mpiga Picha wa Ziwa

Mzee wangu shikamoo, na pole sana kwa kaka. Bila kuona picha zake siwezi kusema alikuwa na nini, ila zipo kansa za mfupa kabisa zinazokaa hapohapo gotini kwa vijana, na hizo kwenye eksirei sura yake ni nyingine, mfupa umeliwa, kingo hazieleweki, ngozi ya juu ya mfupa imenyanyuliwa. Hizo kweli hazisubiri hata wiki.

Hii ya Kulwa ikiwa ni moja peke yake uwezekano wa kugeuka kansa ni chini ya mtu mmoja kwa mia, na ikitokea huwa ni ukubwani. Alafu kutoa kwa mtoto mdogo nako kuna hasara zake, nundu ikiwa bado iko karibu na sehemu mfupa unapokulia upasuaji unaweza kuigusa ile sehemu, mguu ukakua kombo au mfupi, na ikibaki kofia kidogo inaota tena. Ndo maana madaktari wengi wanapenda kusubiri mtoto akue kama haimsumbui. Ikimsumbua wanatoa, sio kwamba haitolewi.

Na sio kila uvimbe usio kansa ni mpole mzee, hilo nakubaliana na wewe. Kuna uvimbe wa seli kubwa, unawapata watu wa miaka 20 mpaka 40, unakaa mwisho kabisa wa mfupa jirani na goti, unaula mfupa mpaka unafika kwenye kiungo, ukikwanguliwa unaweza kurudi. Kwenye karatasi wanaandika sio kansa lakini mtu anaweza kupoteza goti. Ndo maana jina kamili la uvimbe ni muhimu kuliko kuambiwa tu ni kansa au sio kansa.

Baba Neema, Kirumba

Mama Kulwa naomba unisikilize kwenye hilo la kuchua. Mdogo wangu tunafanya nae kazi pale Mwaloni, alikuwa na nundu kama hiyo ila yake iko nyuma ya goti, tangu utoto, hakuna aliyeijali. Kafika miaka 19 ikaanza kumuuma akipanda ngazi, mama akampeleka kwa fundi wa kuchua huko kijijini, akachuliwa siku tatu kwa mafuta ya ng'ombe na kitambaa cha moto. Siku ya nne nyuma ya goti pamevimba kama papai na ukiweka kiganja unasikia panadunda, du du du, sawasawa na moyo. Fundi akasema ni uchafu unatoka. Mguu chini ukawa wa baridi, vidole vimepauka.

Tukamkimbiza hospitali. Eksirei ikaonyesha ile nundu imechongoka kama ncha ya mwiba. Wakampima utrasaundi ya mishipa ya damu, ile inayoonyesha rangi nyekundu na bluu kwenye kioo, mimi nilisimama pale naangalia, damu inazunguka ndani ya ule uvimbe kama maji yanavyozunguka nyuma ya pangaboi. Daktari akasema mshipa mkubwa unaopita nyuma ya goti umetobolewa na ncha ya mfupa, damu imemwagika ikajitengenezea mfuko. Wakamwekea dawa ya mshipani akapigwa siti skani kuona damu inapita wapi, alafu upasuaji, wakaikata nundu na kuziba mshipa kwa kipande cha mshipa kutoka mguu wa pili. Mguu ulipona, anavuta nyavu mpaka leo. Ila sisi hatukujua kabisa kama nundu ya mfupa inaweza kufika kwenye damu.

Sisemi fundi ndo aliyetoboa, daktari mwenyewe alisema ile ncha ilikuwa inakwaruza siku nyingi. Ila siku tatu za kukandamizwa hazikumsaidia. Mwambie bibi wa Magu kwa upole, mfupa haurudi kwa kuchuliwa.

Mpiga Picha wa Ziwa

Asante sana Baba Neema, umesema jambo ambalo mimi nakutana nalo. Inawapata hasa vijana wanaomaliza kukua, kwa sababu ile kofia laini ya gegedu ikishakauka inabaki ncha ya mfupa mtupu na mshipa wa nyuma ya goti unapita hapohapo jirani kila mtu akikunja mguu. Kitu chochote kinachodunda usikibonyeze, usikichome sindano, usikubali mtu akipasue kama jipu. Utrasaundi kwanza.

Na tatizo jingine linalofanana na hilo la mshipa ni la neva. Nundu ikiota pale juu ya mfupa mwembamba wa nje ya muundi, chini tu ya goti kwa nje, neva inayonyanyua mguu inapita hapo. Ikibanwa mtoto anaanza kuburuza vidole, kandambili zinamvuka, watu wanadhani ni uvivu wa kutembea. Mama Kulwa ukiona ganzi, kuburuza, mguu baridi, au maumivu yanaongezeka bila kugongwa, hapo usingoje miezi 6 uende siku hiyohiyo, na hapo ndo MRI inakuwa na kazi.

Mwalimu wa Nyegezi

Mimi nichangie la mwanafunzi wangu maana nalo lilitushangaza. Kipa wetu, miaka 11, karusha mpira kwa mkono tu kumpa beki, hakuna aliyemgusa, mkono ukavunjika juu karibu na bega. Tulisikia mlio. Wazazi wakaanza kusema karogwa, mtoto gani anavunjika kwa kurusha mpira.

Eksirei ikaonyesha ndani ya mfupa wa juu ya mkono kuna shimo kubwa limejaa maji, ganda limebaki jembamba kama la yai. Na daktari akatuonyesha kwenye picha kipande kidogo cha ganda kimezama chini ya lile shimo, kama kokoto uliyoidondosha kwenye ndoo. Akasema hicho kipande ndo kimemaliza ubishi, kama ndani pangekuwa na nyama kisingezama. Akafungwa mkono shingoni, mfupa ukaunga vizuri, ila shimo bado lipo limepungua tu, anarudi kupigwa picha kila baada ya muda. Sa hivi anacheza draft na mimi, kugolikipa tumemsimamisha.

Kwa hiyo walimu wenzangu na makocha mtoto akivunjika kwa jambo dogo hivyo msiishie kwenye kufunga hogo, yaani plasta ngumu, ulizeni picha inasemaje kuhusu mfupa wenyewe.

Binti Sengerema

Nasoma hapa machozi yananilenga. Sisi kwetu baba, mimi na kaka yangu tuna nundu nyingi, magotini, vifundoni, mabegani, mkono wangu wa kulia umepinda kidogo kwenye kiganja. Utotoni wenzangu walikuwa hawataki kushikana na mimi mikono kwenye mchezo. Nilikuja kuambiwa chuoni kuwa ni ya kurithi, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu kuipata. Niliolewa mwaka jana na hilo nimemwambia mume wangu kabla.

Swali langu, mimi nina miaka 26 na kuna moja ya kwenye nyonga naona kama imeanza kuuma usiku. Nikimeza panadol inapoa kidogo. Nisubiri?

Mpiga Picha wa Ziwa

Dada yangu hapana, usisubiri. Kwa wenye nyingi uwezekano wa kugeuka uko juu kuliko mwenye moja, sio kwamba lazima, wengi wanazeeka nazo salama, ila mtu mzima ambae mifupa ilishafunga alafu nundu inaanza kuuma au kukua, hiyo inatakiwa kuangaliwa sasa. Na nyonga ni mahali pagumu, mfupa wake umejikunja na matumbo yako mbele, eksirei inaweza kuficha mengi. Kwako wewe MRI sio anasa. Nenda kliniki ya mifupa, Bugando ndo hospitali ya rufaa ya kanda, chukua barua ya rufaa huko Sengerema wakuelekeze. Na beba picha zote za zamani ulizonazo hata kama ni za miaka 10 nyuma.

Hili la picha za zamani nalisema kwa wote, na ndo jambo linaloniuma kuliko yote kwenye kazi hii. Daktari akitaka kujua nundu imekua au haijakua anahitaji vitu viwili, picha ya leo na picha ya nyuma. Anakuja mama, namuuliza filamu ya kwanza iko wapi, anasema iliwekwa chini ya godoro ikashikana, au watoto walikatia madirisha ya gari la kuchezea. Basi tunaanza upya kama vile miaka miwili haikuwepo. Weka kwenye bahasha yake, isimame wima kabatini mbali na bati na unyevu, andika tarehe nje. Kama hospitali yenu wanaonyesha kwenye kompyuta tu, omba wakuwekee kwenye sidii. Kupiga filamu kwa simu umeielekeza dirishani inasaidia kumwonyesha mtu umbo, lakini kupima sentimita hapo haiwezekani.

Mama Kulwa, Igoma

Jamani Mungu awabariki, wabeja sana. Nimesoma yote mara mbili na baba yao nikamsomea.

Mpiga Picha, nimeangalia ripoti, wameandika imekaa kwa upana, haina shingo. Leo asubuhi nimerudi hospitali ya kwanza nikamkuta daktari yuleyule, nikamwomba anionyeshe tena, safari hii masikio yalikuwa wazi. Akaibandika kwenye taa, akachukua kalamu akafuata ule mstari mweupe kuanzia kwenye paja ukapanda ukazunguka nundu ukashuka, haukukatika popote. Nikamwambia kama pembe, akasema eee kama pembe. Nikamuuliza MRI akasema kwa sasa haoni sababu, mpira acheze ila avae kitambaa kinene hapo. Nikamuuliza na mionzi maana ilikuwa inanisumbua, kwamba kila miezi 6 mtoto si ataungua, akasema eksirei ya goti mionzi yake ni midogo sana, siti skani ndo ina mingi kwa hiyo hawaipigi hovyo kwa watoto, na MRI haina mionzi kabisa inatumia sumaku.

Ila limetokea lingine. Baba yao nilivyomsomea ile ya Binti Sengerema akanyamaza, alafu akavua shati. Kwenye bapa la bega la kulia ana nundu. Mimi nimeolewa miaka 14 nilijua ni sugu ya kubeba magunia, na yeye alijua hivyohivyo. Haimuumi. Nae apigwe picha au naogopa bure?

Mpiga Picha wa Ziwa

Apigwe, wala sio kuogopa bure. Inaweza kuwa sugu kweli, inaweza kuwa ni mafuta, na hata ikiwa ya mfupa nundu moja ya baba na moja ya mtoto haijawa ukoo bado. Ila yeye ni mtu mzima na bapa la bega ni mfupa mwembamba uliolala juu ya mbavu, mbavu zinaharibu picha, kwaiyo aombwe pia ile ya kupigwa kwa pembeni, bega likae peke yake. Isipoeleweka hapo siti skani ya bega ina maana. Amwambie daktari kama inagota au kukwaruza akinyanyua mkono.

Na Doto mpapase vizuri, magoti, vifundo vya miguu, viganja, mabega, mbavu.

Mama Kulwa, Igoma

Doto nilimpapasa jana usiku kuanzia vidole vya miguu mpaka shingoni, sijakuta kitu. Bahasha ya Kulwa nimeandika tarehe nimeiweka nyuma ya kabati. Bibi wa Magu nimemsimulia ya mdogo wake Baba Neema, kakata simu bila kujibu, baadae kapiga anauliza mjukuu anaendeleaje. Baba yao anasema Jumatatu hana zamu, tutaenda wote.